Irudi Pijo, lakini irudi na bolti zake

[Muziki unashuka]

HASSAN: Hamjambo wasikilizaji wetu, mlio Kampala, mlio Arua, na nyinyi wa Busia pande zote mbili za mpaka. Mimi ni Hassan.

AKELLO: Na mimi ni Akello. Leo kaka Hassan ameingia studio na ufunguo mkononi, na mpaka sasa hajauweka mezani.

HASSAN: Ni ufunguo wa Peugeot 504 ya marehemu baba. Gari lenyewe liko Tororo, nyuma ya nyumba, chini ya mwembe. Baba alikuwa dereva wa teksi kati ya Kampala na Malaba, enzi zile ukisema "Pijo" kila mtu anaiona kichwani: stesheni wagoni, viti safu tatu, mizigo juu ya karia. Ndiyo maana nikaomba leo tuzungumzie magari yaliyoacha kutengenezwa ambayo tungependa yarudi. Mimi nimeshachagua langu.

AKELLO: Basi anza wewe. Tuna wasikilizaji waliozaliwa wakakuta barabara imejaa Corolla na HiAce. Waambie Pijo ilikuwa na nini.

HASSAN: Ilitoka Ufaransa mwaka 1968, umbo lake limechorwa na Pininfarina wa Italia. Mwaka 1969 ikawa Gari Bora la Mwaka Ulaya. Lakini abiria wa Iganga hiyo tuzo ilimhusu nini? Kilichomhusu ni springi. Ile stesheni wagoni ilikuwa na ekseli nzima nyuma, na springi za koili mbili kila upande, yaani nne. Springi ndefu hizo. Tairi likikuta shimo linashuka kulitafuta hadi chini, na mwili wa gari unabaki umetulia. Baba alipakia watu, mikungu ya matoke juu, kuku chini ya viti, na mimi katikati ya kuku, na nililala usingizi mzito njia nzima kupitia msitu wa Mabira.

AKELLO: Na mashindano je?

HASSAN: Ah, Safari Rally! Mwaka 1975 Ove Andersson alishinda na 504. Mwaka 1978 Jean-Pierre Nicolas akashinda, 504 tena. Na kabla yake, Pijo iliyoitangulia, 404, ilikuwa imeshinda mara nne: 1963, 1966, 1967 na 1968. Mashindano yale yalianza 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mtu amesimama kando ya barabara ya vumbi, anaona gari la jamii ileile anayopanda kwenda sokoni linawaacha wengine wote. Utaacha kulipenda?

AKELLO: Ukitaja Safari, usimpite mtoto wetu. Shekhar Mehta alizaliwa Kampala mwaka 1945. Familia yake ikakimbilia Kenya 1972, mwaka ule Amin alipowafukuza Waasia. Mwaka uliofuata tu, 1973, akaichukua Safari na Datsun 240Z. Halafu akashinda miaka minne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982. Mara tano kwa jumla. Kila nikikumbuka hilo naumia. Yule alikuwa wetu.

HASSAN: Alikuwa wetu kabisa. Na ile 240Z nayo ningeipokea kesho ikirudi. Haya, dada, zamu yako.

AKELLO: Mimi Land Rover. Ile ya zamani, ya mabati ya alumini na vioo vya kusukuma kwa mkono. Nimekulia Arua, mama yangu alikuwa muuguzi, na Land Rover ya zahanati ndiyo iliyokuwa inampeleka vijijini na masanduku ya chanjo. Nikisikia mlio wake tu, hata leo, najua mama amefika. Wajua kwa nini ilikuwa ya alumini? Walianza kuitengeneza Uingereza mwaka 1948, vita vimeisha juzi, chuma ni cha mgao. Wakatumia kilichopatikana. Kumbe ndicho kilichowafaa, maana alumini hailiwi na kutu kama bati la kawaida.

HASSAN: Lakini hiyo, waliyokuja kuiita Defender, si imerudi?

AKELLO: Jina limerudi. Ya zamani iliyokuwa ya mwisho ilitoka kiwanda cha Solihull tarehe 29 Januari 2016, baada ya kutengenezwa zaidi ya milioni mbili. Mwaka 2019 wakaonyesha mpya. Sisemi ni gari baya, linapanda mlima vizuri. Ila si lile. Lile la mama, ubavu ukibonyea, fundi anafungua bolti, anang'oa kipande, anafunga kingine. Sasa ngoja nikuambie kilichonipata mwaka jana.

HASSAN: Karuma?

AKELLO: Karuma. Nakwenda Gulu, gari langu si la zamani hata kidogo. Kabla ya daraja, taa ya njano ikawaka kwenye dashibodi, injini ikazima. Akaja fundi wa pale, kijana mwenye mikono ya kazi, nilimwona anajua. Akafungua boneti, akaangalia kwa muda mrefu. Akasema, "Dada, hapa hakuna cha kushika." Nikakaa pale mpaka usiku, hadi alipofika mtu kutoka Gulu na kompyuta yake. Kilichokuwa kimekufa ni sensa, kifaa cha kuhisi, kidogo kama kidole gumba.

HASSAN: Hapa hakuna cha kushika. Unajua, hilo ndilo ninalolitaka mimi lirudi. Cha kushika. Baba alizimikiwa Bugiri siku moja, mimi nipo. Akatoa kabureta, akaiosha kwa petroli, akapuliza tundu kwa mdomo, akairudisha. Abiria hawakumaliza hata mahindi waliyonunua pale. Na mimi nilikuwa nashika spana, nikajifunza. Kijana wa leo wa gereji za Ndeeba atajifunzia wapi?

AKELLO: Lakini kaka, tusidanganyane kwa sababu ya mapenzi. Pijo ya baba haikuwa na mifuko ya hewa. Mimi mwanangu simpandishi safu ya tatu ya gari la 1975 kwenye barabara ya Jinja, na malori yale. Hapana.

HASSAN: Nakubali. Naomba irudi na breki za leo, mikanda kila kiti, mifuko ya hewa. Sioni ugomvi kati ya hayo na bolti.

AKELLO: Na imeshafanyika, ndiyo maana nakubaliana nawe. Tazama Land Cruiser 70. Ilianza 1984. Japani waliacha kuiuza, wakairudisha kwa muda mwaka 2014, kisha 2023 wakairudisha tena, na taa zake za mviringo, dizeli ya lita 2.8. Ngozi ya zamani, usalama wa sasa. Ndizo hizo tunaziona zikiwa ambulansi huku kwetu.

HASSAN: Linganisha na Kombi. Ya mwisho ilitoka Brazil mwaka 2013. Volkswagen wameirudisha kama ID. Buzz, ya umeme, nzuri kuitazama. Ila Kombi ilikuwa gari la mtu wa kipato cha kawaida na familia kubwa. Hiyo mpya, yule mtu hawezi kuinunua. Kwangu mimi hiyo haijarudi.

AKELLO: Na sisi hata tukitaka kuagiza ya zamani hatuwezi kirahisi. Tangu sheria ya 2018, gari la abiria lililotimiza miaka 15 tangu litengenezwe haliingii Uganda. Sababu zake nazielewa, moshi na ajali. Lakini maana yake Pijo zilizopo ndizo hizo zilizobaki. Ikifa moja, imepungua moja.

HASSAN: Ndiyo maana mimi macho yangu yako Jinja. Kiira Motors walianza na gari la viti viwili pale Makerere, 2011, leo wanaunda mabasi ya umeme. Ningewaomba kitu kimoja: stesheni wagoni ya watu saba, iliyo juu, springi nne nyuma, na kitabu cha spea kinachouzwa wazi ili fundi wa Karuma awe nacho. Wakiipa jina lolote nitaipanda.

AKELLO: Na ile ya chini ya mwembe?

HASSAN: Kuku wanatagia kiti cha nyuma. Nilifungua boneti mwezi uliopita. Injini haijakwama, nimeizungusha kwa mkono ikazunguka.

AKELLO: Ikazunguka?

HASSAN: Mzunguko mzima. Inahitaji betri, pampu ya mafuta, mipira ya breki. Soko la spea la Kisekka nimeshapata pampu.

AKELLO: Jumamosi twende. Betri naleta mimi, na kinasa sauti. Wasikilizaji watasikia ikiwaka.

HASSAN: Njoo mapema basi, kabla jua halijawa kali. Na uje na viatu vya kazi, dada.

[Muziki]