Majibu ya Kipimo cha Moyo Yamekuja na Kasoro: Sasa Nini?

Assalaam alaykum. Tumsifu Yesu Kristo. Wazee wangu, mama zangu na ndugu zangu, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie mshtuko wa moyo. Kwa idhini yenu, nitazungumzia kipindi kinachoweza kuutangulia: zile wiki baada ya mtu kutembezwa kwenye mashine hospitalini, akaambiwa kuwa majibu yake hayako sawa. Ni hapo ndipo tunapowapoteza watu. Wapo wanaoingiwa na hofu na hawarudi tena kliniki, hasa wakiona kifua kimetulia. Wapo pia wanaouza kiwanja ili wakazibuliwe mshipa, wakati hakuna aliyethibitisha kwamba upo mshipa ulioziba. Wote hao nawahurumia sana, na nimekuja kwa ajili yao.

Kipimo chenyewe wengi wenu mnakijua. Unabandikwa nyaya kifuani, unafungwa mashine ya presha mkononi, halafu unaanza kutembea. Utaratibu tunaoutumia mara nyingi unaitwa kwa jina la daktari wa Marekani, Robert Bruce, aliyeueleza miaka ya 1960. Unaanza kwa kasi ya kilomita 2.7 kwa saa, na kila baada ya dakika 3 mashine inaongeza kasi na mwinuko pamoja. Ukifika hatua ya tatu unatembea harakaharaka huku unapanda kilima. Tunataka tuone kama moyo unaofanyishwa kazi unapata damu ya kuutosha.

Lakini kipimo hiki hakiuoni mshipa. Kinachoona ni mistari ya umeme wa moyo ikibadilika, na mistari hiyo ina sababu nyingi za kubadilika. Presha ya miaka mingi iliyonenepesha msuli wa moyo, upungufu wa damu, potasiamu iliyoshuka, dawa ya moyo iitwayo digoksini: kila kimoja kinaweza kuleta mchoro unaofanana na wa mshipa ulioziba. Kwa hiyo mama wa miaka 45 asiye na kisukari, asiyevuta sigara, ambaye maumivu yake hayahusiani kabisa na kufanya kazi, akikutwa na kasoro ndogo inawezekana sana kwamba mishipa yake mikubwa ni mizima. Mzee wa miaka 65 mwenye kisukari, ambaye kifua kinambana kila akipanda ngazi, akikutwa na kasoro hiyohiyo, mimi sitalala mpaka nijue kuna nini.

Sasa naomba tusome karatasi ya majibu pamoja, maana wengi huikunja na kuiweka kwenye bahasha bila kuuliza chochote. Tuchukue mfano wa mtu wa miaka 58. Karatasi inasema alitembea dakika 6, mapigo yakafika 140 kwa dakika. Kwa umri wake tulitaka walau 138, kwa hiyo moyo ulifanyishwa kazi ya kutosha. Mstari unaoitwa ST, ulio kwenye mchoro wa umeme wa moyo, ulishuka milimita 2. Kifua kilianza kubana, ila hakikumlazimisha asimame. Madaktari wa Chuo Kikuu cha Duke kule Marekani walitengeneza hesabu rahisi: chukua dakika alizotembea, toa milimita mara 5, kisha toa alama ya maumivu mara 4. Asiye na maumivu ana alama 0, aliyeumwa ana 1, na aliyeacha kutembea kwa sababu ya maumivu ana 2. Mtu wetu: 6, toa 10, toa 4. Amepata hasi 8. Hiyo ni hatari ya kati. Angelazimika kusimama kwa maumivu angepata hasi 12, na kuanzia hasi 11 kwenda chini ni hatari kubwa. Mwenye 5 au zaidi yuko kwenye kundi la chini.

Tofauti ya makundi haya ni kubwa. Katika utafiti wao wa mwaka 1991, kundi la chini lilikuwa na watu 99 hai katika kila 100 baada ya miaka 4. Kundi la hatari kubwa lilikuwa na 79. Kwa hiyo mkiambiwa "majibu yana kasoro", ulizeni: kasoro ya kiasi gani? Nilitembea dakika ngapi? Presha yangu ilipanda au ilishuka? Presha ikishuka mtu akiwa anatembea, au mstari ukishuka sana katika dakika za mwanzo kabisa, huyo hapangiwi tarehe ya mbali. Anaonwa na bingwa wa moyo haraka.

Kwa walio katikati, mara nyingi tunaongeza picha. Inaweza kuwa CT ya mishipa ya moyo, yaani picha za eksirei zinazounganishwa na kompyuta, au ultrasaundi ya moyo inayofanywa moyo ukiwa kazini. Wengine tunawapeleka kwenye angiografia, ambayo hapa Dar es Salaam inafanyika katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Muhimbili, na kwingineko. Mpira mwembamba unapitishwa kwenye mshipa wa mkononi au kwenye kinena hadi kwenye moyo, inaingizwa dawa inayoonekana kwenye eksirei, na mishipa inaonekana wazi. Kabla ya hapo figo zipimwe, na kama unatumia metformini ya kisukari, sema mapema.

Hapa kuna jambo ambalo ningependa mlibebe hadi nyumbani. Mwaka 2020 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa uitwao ISCHEMIA, wa wagonjwa 5,179 kutoka nchi 37. Wote walikuwa na kasoro ya wastani au kubwa. Nusu walipelekwa mapema kwenye angiografia na kuzibuliwa au kupasuliwa ilipofaa, huku wakitumia dawa. Nusu walianza na dawa peke yake. Baada ya zaidi ya miaka 3, vifo na mishtuko ya moyo havikutofautiana kwa namna ya kutegemewa. Waliokuwa wanabanwa na kifua mara kwa mara walipata nafuu zaidi walipozibuliwa, na hiyo ni sababu halali ya kuzibuliwa. Utafiti huo haukuwahusu wenye mshipa mkuu wa kushoto ulioziba, wala wenye moyo uliodhoofika sana, wala mtu aliye katikati ya mshtuko. Hao njia yao ni nyingine.

Maana yake ni kwamba dawa ulizoandikiwa siku ya kwanza ndizo matibabu yenyewe. Aspirini ndogo, statini ya kolesteroli, dawa ya kutuliza mapigo, presha na sukari kudhibitiwa, sigara kuachwa leo. Nikiona mtu ameacha statini baada ya mwezi mmoja kwa sababu "kolesteroli imeshuka", naumia. Imeshuka kwa sababu alikuwa anaitumia! Na aliyewekewa stenti, kile kijibomba cha wavu kinachoshikilia mshipa ubaki wazi, asiache dawa zake za kuzuia damu kuganda hata kwa sababu ya kung'oa jino, mpaka amuulize daktari wake wa moyo. Stenti ikiziba ghafla, inaua.

Nizungumzie pia kidonge cha nitrogliserini, kile cha kuweka chini ya ulimi kifua kikibana. Nimeona watu wanakifunga kwenye kipande cha nailoni na kukitia mfuko wa shati, kinapigwa jasho na jua la Kariakoo mchana kutwa. Kikitoka kwenye chupa yake ya kioo kinapoteza nguvu. Kibaki kwenye chupa, kifuniko kimekazwa, na chupa itembee na wewe. Kifua kikibana, kaa chini kwanza, maana presha inaweza kushuka ukaanguka. Weka kimoja. Dakika 5 zikipita na maumivu yapo palepale, au yanazidi, safari ni ya hospitali, usiendeshe mwenyewe wala usipande bodaboda. Na kina baba, nasema bila kuona haya: aliyetumia dawa ya nguvu za kiume asiguse kidonge hiki, kwa saa 24 kama ni sildenafili na saa 48 kama ni tadalafili.

Maumivu yanayokuja ukiwa umekaa, yanayokuamsha usiku, au yanayokuja kwa kazi ndogo kuliko wiki iliyopita, hayasubiri tarehe ya kliniki.

Mzee wangu pale nyuma ameuliza: tarehe yake ya angiografia bado, je, anaruhusiwa kwenda shamba? Mzee, jibu liko kwenye ile karatasi. Kama maumivu yalianza dakika ya 6 na dawa unatumia, kutembea tambarare asubuhi hakuna neno, na muulize daktari wako akupimie kazi zaidi ya hapo. Jembe juani baada ya kushiba, hapana. Usiende peke yako, na ujue hospitali ya karibu iko wapi kabla ya kupanda basi. Kama yalianza dakika ya 2, mtume kijana akaangalie mahindi, wewe ubaki hapa karibu yetu.