Kupanga vyumba vya kulala na bafu kwenye nyumba ya mawe ya wageni, Mji Mkongwe

Assalamu alaikum, karibuni tena. Leo nimesimama ghorofani, ndani ya nyumba ya mawe hapa Mji Mkongwe, Unguja. Ni nyumba ya ukoo, imekaa tupu miaka kadhaa, na sasa wenyewe wanataka kuikodisha kwa wageni wa likizo. Bado hakijabomolewa kitu, na ndivyo nilivyotaka muione. Kwenye kazi hii kosa kubwa hufanyika kabla nyundo haijagonga: mtu anapanga vitanda, anachagua mapazia, halafu ndiyo anatafuta pembe ya kulichomeka bafu. Sisi tutafuata boriti, kisha maji, na kitanda kitakuja mwisho.

Chukua futi ya kupimia, daftari, kalamu na chaki. Chaki usiiache, utaona kazi yake.

Hatua ya kwanza, pima chumba na utazame juu. Naisogeza kamera... hizo ni boriti za mikoko. Zinabeba dari ya mawe na chokaa, mzigo mzito sana, na mti wa mkoko hauwezi kuvuka nafasi kubwa ukiwa na mzigo huo. Mita mbili na nusu, ikizidi sana karibu tatu. Ndiyo maana vyumba vyetu vya zamani ni vyembamba na virefu. Hiki nimekipima: mita 2.70 kwa mita 6.20. Boriti zimelala kwa upana, na ncha zake zimeingia ndani ya kuta hizi mbili ndefu. Kuta ndefu ndizo zinazoibeba nyumba, kwa hiyo mlango mpya hatutoboi humo. Wazanzibari wote tunaikumbuka tarehe 25 Desemba 2020, Beit el Ajaib, jumba letu la kale hapa Mji Mkongwe, ilipoporomoka sehemu na watu wawili wakafariki. Majengo haya ni ya kuyaheshimu.

Na kabla ya kumwita fundi, peleka mchoro wako kwa Mamlaka inayohifadhi Mji Mkongwe upate kibali. Mji huu umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na mabomba ya maji machafu yaliyoning'inia ukuta wa mbele, juu ya njia wanayopita watu, hayakubaliki. Hata yangekubalika, nisingekushauri.

Hatua ya pili, tafuta maji machafu yatatolewa wapi. Shuka uwani, nifuate. Hapa pembeni palikuwa na choo cha zamani, shimo lake liko chini, na ukiangalia juu utaona choo cha ghorofani kilikuwa papo hapo, mstari mmoja. Wazee walijua walichokifanya. Weka bafu jipya juu ya bafu la chini, na yote mawili yaegemee ukuta wa uwani. Bomba kuu la inchi nne litashuka wima mpaka kwenye chemba, na siku likiziba fundi atalifikia bila kuvunja kitu.

Hapa niseme yangu. Nyumba ya kwanza niliyoisimamia, niliweka bafu katikati ya nyumba kwa sababu mchoro ulipendeza. Sakafu haikujaribiwa kwa maji. Haukupita muda mrefu, mgeni wa chumba cha chini akaniita asubuhi kunionesha shuka limelowa. Tulipofungua dari tukakuta vichwa vya boriti vimeoza ndani ya ukuta. Tulibadilisha boriti kumi na moja, na nyumba ikafungwa msimu mzima wa wageni. Tangu siku ile sipangi kitanda kabla ya bomba.

Hatua ya tatu ndiyo ya chaki. Rudi juu. Ukuta wa mwisho wa chumba, huu mfupi unaotazama uwani, uko magharibi. Kutoka hapo nahesabu mita 1.60 na kuchora mstari sakafuni kukata chumba kwa upana. Hilo ndilo bafu letu, mita 1.60 kwa 2.70, na vyombo vyote vinapangwa kwenye ukuta wa uwani. Sinki la kunawia lipate mita moja, upande wa mlango. Katikati choo, kipate sentimita 80, yaani 40 kila upande kutoka katikati yake. Ukikibana zaidi, mtu mnene hakai kwa raha. Mwisho shawa, sentimita 90. Jumlisha: mita 2.70 kamili. Choo kinatoka ukutani kama sentimita 70, mbele yake inabaki njia ya sentimita 90. Inatosha.

Kwa nini choo kisikae pale mwisho, kikatazame pembeni? Kwa sababu ya kibla. Kwetu hapa Unguja kibla ni kaskazini karibu moja kwa moja, na aliyekaa chooni haelekei kibla wala haipi mgongo. Choo chetu kinatazama mashariki, tumesalimika. Mgeni kutoka Ulaya huenda asijue, lakini wenye nyumba wanajua, na wageni wanaotoka Oman wataliona siku ya kwanza. Kando ya choo weka mpira wa kutawazia, usiubanie bei.

Nunua choo kinachotoa maji kwa nyuma, si kwa chini. Cha chini kitakulazimisha ukate sakafu, na chini ya sakafu kuna boriti. Cha nyuma bomba lake linapenya ukuta wa uwani moja kwa moja. Mteremko wa bomba la choo ni sentimita 2.5 kwa kila mita. Maji ya shawa yanahitaji mteremko pia, kwa hiyo shawa peke yake tunainyanyua kidaraja cha sentimita 12 hivi. Sinyanyui bafu zima kwa zege, uzito huo boriti hazikuutarajia.

Ukuta wa kutenganisha bafu na chumba, sikiliza vizuri, utasimama sambamba na boriti. Maana yake mzigo wake wote utaangukia boriti moja au mbili. Matofali hapana. Tumia fremu nyepesi na bodi za saruji, na mwambie fundi aongeze boriti chini ya mstari ule. Mlango wa bafu uwe upande wa sinki, ili ukiachwa wazi anayelala aone sinki na kioo, asione choo.

Kidogo kuhusu maji: tangi la lita 1,000 likijaa ni tani moja. Lisikae juu ya dari ya boriti. Liweke uwani chini, pampu ipandishe. Swichi ya hita iwe nje ya bafu.

Hatua ya nne, sasa kitanda. Chumba kimebaki na urefu wa kama mita 4.50. Kitanda cha futi sita kwa sita, pamoja na fremu yake, ukikiweka kichwa kwenye ukuta mfupi, pembeni zinabaki sentimita 38 kila upande, na mmoja wa wageni wako atapita kibavubavu usiku. Kigeuze. Kichwa kiegemee ukuta mrefu wa kaskazini, miguu itazame madirisha. Miguuni inabaki njia ya sentimita 65, na kila ubavu unapata nafasi ya kusimama na kuweka meza ndogo. Hapo hapo upepo unafanya kazi: kusi inaingia kwa madirisha ya kusini, na kaskazi ikija Desemba unaipokea kwa mlango wa ukumbini, ukiuwekea mbao za kupitisha hewa juu yake. Chora pia chandarua. Watu husahau kwamba chandarua kina upana wake, na pangaboi likiwa juu yake moja kwa moja upepo haupenyi vizuri. Sogeza pangaboi kuelekea miguuni.

Vidaka, yaani vishubaka vya ukutani, msivizibe, jamani. Ni kabati, ni meza ya taa, na ndicho kitu mgeni anachopiga picha kwanza. Kuta za chumba zipigwe chokaa, si saruji wala rangi ya plastiki. Ukuta wa mawe unapumua. Ukiuziba, unyevu na chumvi vitatafuta pa kutokea na rangi itabanduka vipande vipande.

Wenye nyumba hii waliniomba vyumba vitano. Nimewashauri vitatu, kila kimoja na bafu lake. Kimoja kiwe chini, mlango wa sentimita 90, shawa bila kidaraja, kwa sababu ngazi za nyumba hizi ni kali na wageni wengi huja na wazazi wao. Na mlangoni, kabla ya ngazi, bomba la kuoshea mchanga miguuni. Litaokoa mabafu yote ya juu.

Hatua ya tano, jilaze. Sifanyi mzaha. Lala sakafuni ndani ya mstari wa kitanda, amka kama usiku, ufuate njia ya chaki mpaka bafuni, kaa kwenye ndoo palipo choo, nyoosha mkono upande wa sinki. Mwite mama au shangazi naye ajaribu. Mimi jana nilijaribu, nikaona mlango wa bafu ukifunguka kwa ndani utanigonga goti, nikaugeuza kwenye mchoro ufunguke nje. Kufuta chaki ni bure.

Mistari ikikubalika, fundi bomba anaweza kuanza. Baada ya kupaka dawa ya kuzuia maji kwenye sakafu ya bafu, na kupandisha sentimita 15 ukutani, na pale kwenye shawa mpaka juu ya kichwa, ziba matundu yote, jaza maji kimo cha vidole viwili, uache saa 24. Kesho yake nenda chumba cha chini na tochi, ukague boriti moja moja kwa mkono. Zikiwa kavu, piga picha mabomba yote yakiwa na futi pembeni yake, kabla vigae havijayafunika, na picha hizo waachie wenye nyumba.