Mkono Ulioandika: Bi Salme na Kaka Zake

Assalaam alaykum, na habari za jioni.

Nimeombwa nizungumze juu ya Bi Salme binti Said, binti wa Sultani wa Zanzibar, na najua wengi wenu mmekuja kusikia habari ya yule Mjerumani. Nitaifikia. Lakini tuanze na mfupa.

Mfupa wenyewe ni wa bega la ngamia, umekaushwa ukawa mweupe, mpana kama ubao wa chuoni. Katika nyumba ya baba yake, Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar, watoto wa kike walisomeshwa Kurani, wakahifadhi, wakahitimu. Kuandika hawakufundishwa. Mwanamke akijua kuandika ataandika barua, na barua huenda mahali ambapo yeye mwenyewe haruhusiwi kwenda. Bi Salme akajifunza kwa siri. Aliuweka msahafu mbele yake, akachukua ule mfupa, akanakili herufi moja baada ya moja, mpaka mkono ukazoea. Ilipojulikana alilaumiwa sana, naye hakuacha. Naomba muuweke akilini mkono ule, kwa sababu kila balaa iliyomfika baadaye, na kila tunachokijua leo juu ya maisha yake ya ndani, kimetokana nao.

Alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844, Mtoni, maili chache kaskazini ya mji. Leo mkipita mtaona magofu. Enzi zile palikaa watu zaidi ya elfu: watoto, masuria, watumwa, walezi, na uani tausi na paa wakitembea. Lugha zilichanganyika: Kiarabu, Kiswahili, Kiajemi, Kituruki, Kihabeshi. Na kwenye baraza ya mbao iliyotazama bahari baba yao alikuwa akitembea peke yake, kichwa amekiinamisha, akichechemea kidogo kwa risasi ya zamani iliyokaa pajani. Picha ile Bi Salme aliibeba mpaka uzeeni.

Mama yake, Bi Jilfidan, alikuwa suria kutoka nchi ya Wacherkesi, kule Kaukasi. Wavamizi waliwaua wazazi wake, wakawachukua watoto watatu, yeye na kaka yake na mdogo wake wa kike, kila mmoja akaenda njia yake. Hawakuonana tena abadani. Alifika kwa Sayyid Said mdogo kiasi kwamba jino lake la kwanza la utoto lilimtoka akiwa mle ndani. Mimi kila nikifika hapo husimama. Mwanamke aliyepokonywa ndugu zake wote akamzaa binti katika nyumba yenye ndugu wasiohesabika kwa vidole; Sayyid alipofariki baharini mwaka 1856, aliacha watoto 36 walio hai.

Sasa, ndugu wa baba mmoja na mama mbalimbali, nyie mnajua mambo yake. Mle ndani mtoto alihesabiwa kwa mama yake na kwa asili ya mama yake. Sayyid Majid mama yake alikuwa Mcherkesi kama Bi Jilfidan, na wanawake wale wawili walipeana ahadi: atakayetangulia, mwenzake awalee watoto wake. Mama wa Majid akatangulia. Ndiyo maana Bi Salme, akiwa na miaka kama saba, alihamia na mama yake Bait el Watoro, nyumbani kwa kaka huyo. Majid alimfundisha kupanda farasi na kulenga shabaha. Alikuwa na kifafa, kijana mpole, na akampenda mdogo wake bila masharti.

Kaka wa pili ni Barghash. Huyu hana haja ya kutambulishwa kwa mtu yeyote wa Unguja. Maji ya bomba kutoka Chemchem ni yake, bafu za Hamamni ni zake, jumba la Beit al-Ajaib la 1883 ni lake. Mama yake alikuwa Mhabeshi. Alikuwa na akili, na kiburi, na hakusahau.

Kati yao alikuwepo Bi Khole, dada mkubwa, ambaye Bi Salme alimpenda kuliko ndugu wote. Baadaye Bi Salme na mama yake waliishi na Khole. Mwaka 1859 kipindupindu kikamchukua Bi Jilfidan. Binti yatima wa miaka kumi na tano, na mtu aliyebaki kumshika ni Khole. Na Khole alikuwa wa Barghash, moyo na roho. Barghash alitaka kumpindua Majid, aliyerithi kiti cha Unguja baada ya baba yao. Wakubwa wa njama walihitaji katibu, mtu wa ndani asiyeshukiwa. Nani katika wanawake wale alijua kuandika?

Basi barua za kuwakusanya wakubwa wa Waarabu, barua za kuagiza bunduki na baruti, ziliandikwa kwa mkono ule uliojifunza juu ya bega la ngamia. Ziliandikwa dhidi ya kaka aliyemfundisha kupanda farasi, na dhidi ya ahadi ya mama zao. Aliijutia mwenyewe maisha yake yote, na mimi naamini majuto yale yalimuuma kuliko umaskini wa baadaye.

Njama ikagundulika, askari wa Majid wakaizingira nyumba ya Barghash. Usiku Khole na Salme walitoka na wanawake wengi, wakamkabili mkuu wa askari mwenyewe, wakaomba kuwaaga ndugu zao waliofungiwa. Heshima ya binti za Sayyid ikawapitisha. Ndani wakamfunika Barghash mavazi ya kike, jambo alilolikataa kwanza kwa hasira, wakamtoa akitembea katikati ya wanawake warefu kuliko wenzao. Alikimbilia shamba la Marseille. Waingereza wakaingia na mizinga, mambo yakaisha, akapelekwa Bombay miaka miwili.

Majid hakuwaadhibu dada zake. Bi Salme akajitenga mashambani, Kizimbani kisha Bububu, peke yake na huzuni yake. Na Majid ndiye aliyekuja kumtafuta. Wakapatana. Kisha Majid akamwomba ile nyumba ya Bububu kwa ajili ya balozi wa Uingereza, naye akaitoa. Kwa Khole huo ulikuwa usaliti. Kwa Barghash, aliyekwisha kurudi, vilevile. Hivyo ndivyo alivyorudi mjini: mama hana, dada kamgeukia, kaka mmoja hasemi naye, na wa pili amezungukwa na watu wasiomtaka.

Nyumba ya jirani alikaa Rudolph Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Hamburg. Sakafu za juu za nyumba zetu za mawe zinatazamana, mnajua. Watu husimulia mapenzi yale kama kwamba yalishuka kutoka mawinguni. Mimi nasema mtazameni kwanza mwanamke aliyefika kwenye ile sakafu ya juu, na jinsi alivyokuwa amebaki bila mtu.

Mwaka 1866 alikuwa na mimba. Usiku wa kuoga mwaka, mwaka mpya wa Waswahili, wanawake wakishuka pwani kwa makundi, naye akashuka, akapanda meli ya kivita ya Kiingereza, Highflyer, mpaka Aden. Huko alijifungua mtoto wa kiume, ambaye hakuishi. Tarehe 30 Mei 1867 akabatizwa kwa jina la Emily, akaolewa siku hiyohiyo, wakaenda Hamburg. Wakapata watoto watatu, na kila mmoja akabaki na jina la kwao ndani ya jina la Kijerumani: Thawka, Said, Ghuza. Agosti 1870 Ruete alianguka akishuka kwenye tramu, akafa. Mtoto mdogo hakuwa hata na miezi mitano. Na mwezi Oktoba Majid naye akafariki Unguja.

Aliyekalia kiti sasa ni Barghash.

Kwa miaka kumi na nane ya utawala wake Bi Salme alimwandikia, na majibu hayakuja. Alihama mji hata mji, Dresden, Rudolstadt, Berlin, akifundisha Kiarabu apate chakula cha watoto. Mwaka 1875 Barghash alipozuru London, alimfuata mpaka huko. Sir Bartle Frere, mkubwa mmoja wa serikali ya Kiingereza, akamshawishi asijaribu kumwona kaka yake, akimwahidi kwamba watoto wake watasaidiwa. Akakubali kwa ajili ya watoto. Msaada haukuja.

Mwaka 1885 Wajerumani walimleta Unguja kwa meli yao, wakati mizinga ya manowari zao ilipokuwa inaelekezwa kwenye kasri kwa sababu ya ardhi ya bara. Dada amekuja kudai urithi nyuma ya mizinga ya wageni: Barghash angempokeaje? Hakumpokea. Lakini njiani watu walimzunguka, wakamwamkia kwa Kiarabu na Kiswahili, mpaka alipopanda mashua. Khole alikwisha kufa.

Mwaka uliofuata, Berlin, akachapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani. Alizianza kwa ajili ya watoto wake, wajue alikotoka. Mle ndimo tunapopata jino la mama yake, na chechemeo la baba, na mfupa. Na nisiwafiche: mle pia aliutetea utumwa. Binti wa mtoto aliyeporwa kwao akauzwa, alitetea biashara iliyomleta mama yake. Nimeusoma ukurasa ule mara nyingi, na haujaacha kunichoma.

Barghash alifariki Machi 1888, Bi Salme akarudi tena Unguja mwaka huohuo, akaondoka mikono mitupu. Aliishi Jaffa, kisha Beirut hadi 1914. Alifariki Jena tarehe 29 Februari 1924, akazikwa Hamburg na watu wa mumewe. Katika vitu vyake palikutwa mfuko mdogo wa mchanga wa pwani ya Unguja.

Bait el Sahel, kasri ya mjini ya ujana wake, ilipigwa mizinga mwaka 1896, ikajengwa upya, na baadaye ikafanywa makumbusho ya kasri pale Forodhani. Humo alitengewa chumba chake. Mkitoka mlangoni, Beit al-Ajaib, jengo la kaka yake Barghash, liko hatua chache tu, upande uleule wa bahari.

Nitapokea maswali. Tuanze na kina mama waliokaa nyuma.