Kunja Kwanza, Kata Baadaye: Mabomba Magumu ya Kupozea Kompyuta

AMINA: Assalamu alaikum, wasikilizaji wetu, na karibuni tena katika kipindi chetu tunachokirekodi hapa mjini Lamu. Leo tunazungumzia mabomba magumu ya plastiki yanayopitisha maji ya kupozea kompyuta, na hasa namna ya kuyakunja bila ya kuyaharibu. Kaka Swaleh, juzi ulikamilisha kompyuta ya kuhariria video, ukaniambia kwamba katika mita nne za bomba ulizoagiza, mita moja na nusu iliishia kwenye taka. Naomba tuanzie hapo.

SWALEH: Waalaikumu salamu, Dada Amina. Zilipotea kwa kosa moja nililolirudia mara tatu: nilipima, nikakata kwa urefu niliouhesabu, ndipo nikakunja. Bomba likishalainika halifuati tena hesabu yako. Kona husogea milimita tatu au nne kutoka pale ulipoikusudia, na kipande kilichokwisha kukatwa hakina pa kufidia. Sasa ninakunja kwanza na kukata baadaye. Ninaacha sentimita kumi za ziada kila upande, ninakunja, ninalisimamisha bomba mbele ya fitingi zenyewe, yaani viungio vinavyoshika ncha zake, ndipo ninatia alama na kushika msumeno. Kwetu jambo hili ni zito, kwa sababu bomba likiisha, jingine litasafiri kwa basi kutoka Nairobi hadi Mokowe, kisha livuke kwa boti mpaka gatini.

AMINA: Na hizo sentimita za ziada ndizo zinazokupa mahali pa kushika wakati katikati ni moto. Lakini kabla ya moto kuna uchaguzi wa plastiki. Wengi huanza na PETG, aina moja ya plastiki, badala ya akriliki, kwa sababu haivunjiki kirahisi na hulainika mapema. Wewe umeiacha.

SWALEH: Nimeiacha kwa sababu ya hali ya hewa yetu. PETG huanza kupoteza ugumu wake kwenye nyuzi 80 hivi za Selsiasi, na akriliki kwenye nyuzi 105 hivi. Maji yanayozunguka kwenye mfumo hayawezi kupoa kuliko hewa inayopita kwenye rejeta, kile kifaa cha kupozea maji. Kwa hivyo chumba kikiwa na nyuzi 32, kama ilivyo wakati wa kaskazi, maji yatakuwa juu zaidi ya hapo kompyuta inapofanya kazi nzito. Hiyo peke yake haiyeyushi bomba. Ninachohofia ni siku pampu itakaposimama, kwani maji yaliyokwama juu ya prosesa, ile chipu kuu ya kompyuta, hupata moto haraka, na bomba la PETG lililo karibu yake likilegea, hung'oka kwenye fitingi. Akriliki inanipa nafasi zaidi ya kugundua hitilafu.

AMINA: Ila akriliki nayo ina adui wake, nami nilimjua kwa hasara. Mwaka jana nilimaliza kona nzuri sana ya bomba la milimita 14, nikaipangusa kwa spiriti ili niondoe alama za vidole. Nilipoiinua kwenye mwanga wa dirisha niliona nyufa nyembamba kama nywele zimejipanga upande wa nje wa kona, pale plastiki ilipokuwa imevutika. Alkoholi huipasua akriliki iliyo na mkazo ndani yake. Tangu siku hiyo ninatumia maji na sabuni isiyo kali, basi.

SWALEH: Umenikumbusha sabuni. Kabla ya kupasha moto, kamba ya silikoni lazima iingie ndani ya bomba ili kuta zisibonyee, nayo haiingii ikiwa kavu. Ninaichovya kwenye maji ya sabuni, ninaisukuma taratibu mpaka ipite eneo la kona na ncha yake ibaki nje, ili nipate pa kuivutia. Bomba la milimita 14 nje na 10 ndani linahitaji kamba inayokaribia kabisa milimita 10. Ikiwa nyembamba, kona itabonyea hata kama moto wako ulikuwa sawa.

AMINA: Tufike basi kwenye moto wenyewe, kwa sababu hapo ndipo mabomba mengi huharibika.

SWALEH: Jambo la kwanza, zima pangaboi na funga dirisha. Nilijaribu kukunja nikiwa nimekaa darini, upepo wa kusi ukawa unapoza upande mmoja wa bomba huku mimi nikipasha mwingine, na kona ikatoka imejisokota. La pili, jua urefu wa eneo la kupasha. Ukitaka kona ya nyuzi 90 yenye nusu kipenyo cha milimita 30, plastiki itakayopinda ni milimita 47 hivi. Unazidisha 30 kwa 1.57. Mimi ninapasha kama sentimita saba, ili pande zote mbili za kona zipate joto kidogo na mkunjo uingie bila kukatika ghafla.

AMINA: Na bloa, ile mashine ya kupuliza hewa moto, unaiweka umbali gani?

SWALEH: Upana wa vidole vinne, nayo haisimami mahali pamoja. Mkono mmoja unaipeleka bloa kulia na kushoto, mwingine unalizungusha bomba bila kukoma, kama mishikaki juu ya makaa. Mwanzoni huoni lolote, na hapo ndipo watu hukosa subira wakaisogeza bloa karibu. Ukivumilia, utahisi kwanza kwenye vidole: bomba linakuwa zito upande ule usioushika, kisha linainama lenyewe. Likiinama kwa uzito wake, liko tayari. Ukilazimika kutumia nguvu, bado. Rudi kwenye moto.

AMINA: Na likipitiliza, hutoa mapovu madogo ndani ya plastiki yenyewe, meupe, ambayo hayaondoki tena. Ningependa msikilizaji wa pwani azingatie hili, kwa sababu akriliki hunyonya unyevu wa hewa, na unyevu huo ndio unaochemka ndani yake. Bomba lililokaa wazi miezi kadhaa huku kwetu hutoa mapovu upesi kuliko lililotoka kwenye mfuko uliofungwa. Mimi huyaweka yangu kwenye mfuko wa plastiki pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu.

SWALEH: Ni kweli kabisa. Likishakunjwa, ninalilaza mezani, juu ya kigae kilichonyooka, ninalishikilia kwenye pembe ya kalibu, yaani umbo la kuongozea kona, mpaka liwe gumu, wala silimwagii maji baridi. Kamba ya silikoni ninaivuta baada ya bomba kupoa. Bomba lenye kona mbili linahitaji mstari wa kalamu kutoka ncha hadi ncha kabla ya kuanza. Bila mstari huo, kona ya pili itaelekea pembeni na hutagundua mpaka umemaliza.

AMINA: Ndiyo maana napenda kona chache. Mafundi wa majahazi wa Matondoni hutafuta mti uliopinda wenyewe kwa ajili ya mataruma, yaani mbavu za chombo, kwa hivyo hutembea sana kabla ya kushika shoka. Sisi kabla ya moto tunaweza kuchukua kipande cha waya mnene wa umeme, tukaukunja kwa mkono kutoka fitingi hadi fitingi. Waya hukuonyesha njia fupi, na ukikosea unaunyoosha ukaanza tena.

SWALEH: Baada ya kukata, kingo za bomba ni kali. Zisuguliwe kwa msasa nje na ndani mpaka ziwe na mteremko kidogo, kwa kuwa kingo kali hukata oringi, ile pete ya mpira ya kuzuia maji ndani ya fitingi, unapolisukuma bomba, nawe hutaliona kosa hilo mpaka maji yaanze kutona.

AMINA: Kuhusu maji nitasema kwa ufupi: yawe yaliyokenekwa, pamoja na dawa ya kuzuia kutu na mwani. Maji ya kisima, hata yale matamu ya Shela, yana chumvi na madini. Tena rejeta ya aluminiamu isichanganywe na bloku ya shaba inayokaa juu ya prosesa, kwa sababu aluminiamu italika.

SWALEH: Jahazi hutiwa kalafati ya pamba kisha hushushwa majini kuangaliwa, na mfumo huu nao hujaribiwa kabla ya kompyuta kuwashwa. Ninachomoa nyaya zote za umeme isipokuwa za pampu, ninafunga tishu kwenye kila fitingi, na pampu inazungusha maji peke yake.

AMINA: Kwa muda gani, Kaka Swaleh?

SWALEH: Usiku mzima. Ile kompyuta ya juzi niliiacha baada ya Isha, na nilipotoka kuswali Alfajiri nikapitisha kidole kwenye tishu moja baada ya nyingine. Zilikuwa kumi na mbili. Ya tisa, chini ya tangi, ilikuwa na doa la ukubwa wa punje ya mchele. Nikafungua fitingi ile, nikaitoa oringi, nikaikuta imechanika upande mmoja.