Kamba Moja Milimani: Siku Niliyowaona Vikunya wa Pampa Galeras

Asanteni sana, kaeni tu jamani, na nyie wa kule mlangoni sogeeni huku viti bado vipo. Nimeombwa niongelee safari yangu ya Peru, na kwa sababu humu ndani naona wengi ni watu wa mlima wetu Kilimanjaro, maguide, wagumu yaani wabeba mizigo, wapishi, sina haja ya kuwaeleza hewa nyepesi ni nini, mnaijua kwenye vifua vyenu. Ila nimekuja kuongelea mnyama. Mnyama mmoja anaitwa vikunya, alibaki kidogo tu aishe duniani, na leo yupo, na namna alivyorudi ndo kitu ambacho toka nimerudi sijaacha kukifikiria.

Pampa Galeras iko mkoa wa Ayacucho, kusini mwa Peru, karibu mita 4,000 juu ya bahari. Ukitoka Nazca, ule mji wenye michoro mikubwa ya ardhini jangwani, ni kama kilomita 90 tu, na Nazca yenyewe iko mita 500 na kitu. Hebu pigeni hesabu, yaani ni sawa na mtu umchukue hapa Moshi umpandishe na gari mpaka umpitishe Horombo, ile kambi ya Kilimanjaro, masaa mawili matatu tu, bila kulala njiani. Mi kazi yangu miaka yote ni kuwaambia wageni pole pole, lakini basi halina pole pole, linapanda kona baada ya kona usiku ule, na kulipokucha kichwa kilikuwa kinanigonga kama kuna mtu anatwanga kisamvu humo ndani. Wenyeji wanauita soroche huo ugonjwa. Mama mmoja akanipa kikombe cha majani ya koka kwenye maji ya moto, akanionesha kwa mkono nikae chini nitulie, tukakaa hivo bila lugha ya pamoja karibu saa zima.

Huko juu wanakuita puna. Hakuna mti, ni nyasi tupu za mashada, ngumu, za manjano, wenyewe wanaziita ichu, na kama umewahi kutembea uwanda wa Shira kule Kilimanjaro basi macho yako yatazizoea haraka. Upepo haupumziki. Usiku maji yanaganda, mchana jua linachoma ngozi.

Sasa katikati ya nyasi hizo ndo nikawaona. Vikunya ni mdogo, mabega hayafiki mita moja, shingo ndefu nyembamba, mgongoni ana rangi ya mdalasini, na kifuani ananing'inia manyoya meupe marefu kama kitambaa alichofungiwa na mama yake. Ni ndugu wa ngamia kabisa! Mababu zao walitokea Amerika ya Kaskazini, wengine wakaelekea Asia na mwisho wake ndo hawa ngamia tunaowaona kwa Wamasai siku hizi, wengine wakashuka kusini wakapanda milima. Mpaka leo wote hao chembe nyekundu za damu ni za umbo la yai, tofauti na zetu za duara, na damu ya vikunya inaishika oksijeni kwa nguvu sana, ndo maana anakimbia kilomita 45 kwa saa pale ambapo wewe kufunga kamba za viatu tu unahema. Wanakaa kifamilia, dume mmoja na majike kadhaa na watoto, na dume akiona hatari anatoa mlio mwembamba mkali, wote wanageuza shingo upande mmoja kwa wakati mmoja.

Shida yake ni manyoya. Unene wa uzi wake ni kama maikroni 12 na nusu, yaani sehemu ndogo sana ya milimita, nywele ya binadamu ni kama 70. Enzi za Inka, watawala wa huko kabla ya Wahispania, nguo ya vikunya ilikuwa ya mfalme na wakubwa, na kumuua ilikuwa marufuku, walikuwa wanawazungushia watu wengi sana, wanawakamata, wanawanyoa, wanawaachia, hiyo ndo chaku. Akaja Mhispania na bunduki, na mtu mwenye bunduki hana haja ya kunyoa. Bolívar mwenyewe, yule mkombozi wa Amerika ya Kusini, mwaka 1825 alipiga marufuku kuwaua lakini amri iliyoandikwa mjini haifiki puna, na ilipofika miaka ya 1960 walikuwa wamebaki labda 10,000 au chini ya hapo milima ya Andes nzima. Mwaka 1967 ndo ikaanzishwa hifadhi hii ya Pampa Galeras.

Na haikuwa rahisi hata baada ya hapo. Miaka ya 1980 vita vya Sendero Luminoso, waasi wa kikomunisti, viliingia Ayacucho, hakukulindika, majangili wakapata nafasi. Jina kamili la hifadhi leo ni Pampa Galeras Barbara D'Achille, na huyu alikuwa mwandishi wa habari za mazingira wa gazeti la El Comercio, waasi walimuua mwaka 1989 akiwa safari ya kikazi mkoa wa Huancavelica. Naomba mlishike hilo jina. Sisi wa kazi hii tunawajua vizuri watu waliokufa kwa ajili ya wanyama.

Kilichogeuza mambo, kwa mtazamo wangu, ni pale mwanakijiji aliporuhusiwa kunufaika na vikunya aliye hai. Mwaka 1995 sheria ya Peru ikasema vikunya walio kwenye ardhi ya jamii ni wa jamii hiyo, wawalinde na wauze manyoya, mradi amenyolewa akiwa hai na kuachiwa. Leo Peru peke yake wako zaidi ya 200,000. Sisi huku Tanzania wanyama ni wa serikali, vijiji vinapata mgao kupitia WMA, yale maeneo ya wanyamapori yanayosimamiwa na jamii, na wengi humu mnazijua hizo hesabu na malalamiko yake, sitaki kuingia huko leo.

Nilienda tarehe 24 Juni kwa sababu ndo siku ya chaku. Asubuhi watu wa Lucanas, jamii ya hapo karibu na hifadhi, wanapanga mstari, wazee, watoto wa shule, akina mama na kofia zao, wageni pia, wote tunashika kamba moja ndefu iliyofungwa vitambaa vya rangi, na tunatembea. Basi. Hakuna mbio, hakuna kelele nyingi mwanzoni, mnatembea tu uwandani na vikunya wanasogea mbele yenu, wanajaribu kupenya, na pale kwenye mkono uliolegea ndo wanapitia. Kulia kwangu alikuwepo bibi mmoja, kamba ikilegea ananivuta mkono bila hata kuniangalia. Mstari unazidi kubana mpaka wanaingia kwenye zizi la nyavu, na hapo vumbi na ile milio yao mikali ndo unasikia kila upande.

Wanaingia watu wawili watatu, wanamkamata mmoja, wanamlaza. Kwanza wanapima urefu wa manyoya, kama hajafika au bado mdogo anaachiwa hapohapo. Mashine inapita mgongoni na ubavuni, dakika chache tu, na ule mgongo unatoka kama blanketi zima. Mmoja anatoa gramu 200 hivi, afu mpaka miaka miwili ipite. Niliwekewa kiganjani fungu dogo. Nilifumba macho, wallahi sikuhisi uzito, nilichohisi ni joto tu.

Pembeni walikaa akina mama wanatoa unywele mmoja mmoja mgumu kutoka kwenye ule laini, kwa vidole, kwenye baridi ile. Kazi ya siku nzima inatoa fungu la kujaza kofia. Na hapa niseme linaloniuma: kilo inauzwa dola mia kadhaa, wakati sweta moja dukani Ulaya ni maelfu ya dola. Nilimuuliza kijana aliyekuwa anatafsiri kama hawa mama wamewahi kuliona hilo sweta, akawauliza, wakacheka, wakarudi kwenye kazi.

Kuna mtu ameniandikia hapa anauliza, akitaka kwenda afanyeje. Usifanye nilivyofanya mimi. Toka Nazca pita hifadhi bila kushuka kwenye basi, endelea mpaka Puquio, pale ni mita 3,200 hivi, lala usiku mmoja au miwili, ndo urudi hifadhini. Ni ileile yetu ya panda juu lala chini, kama tunavyowapitisha wageni Lava Tower, juu, wakalale kambi ya Barranco, chini yake. Na beba glavu nzuri, ile kamba inachuna mikono.