Chumvi Wanaitoa Wapi?

Karibuni, ndugu zangu, na nyinyi wamama mliowasindikiza watoto mkaamua kukaa. Sogeeni mbele, maana mvua ikianza kupiga mabati sitasikika tena.

Leo tunazungumzia jinsi ya kubuni ulimwengu wa mchezo wa kusimulia. Kwa wageni wa mchezo huu: watu wanne watano wanazunguka meza, mmoja anasimulia ulimwengu, kila mwingine ana mhusika wake, na penye mashaka dadu ndiyo inayokata shauri. Mchezo wa kwanza wa aina hii uliingia madukani Marekani mwaka 1974. Basi, historia inatosha.

Ramani yangu ya kwanza ilikuwa na falme kumi. Ya barafu, ya jangwa, ya msitu, ya mizimu, kila moja na rangi yake ya kalamu. Nilijiona nimemaliza kazi. Usiku wa kwanza tu, kijana aliyecheza mchuuzi akaniuliza: "Hawa wa barafuni, chumvi wanaitoa wapi?" Nikakosa jibu. Akauliza kuni je. Nikajikohoza. Nusu saa baadaye meza nzima ilikuwa inatazama simu.

Falme zangu zilikuwa kama mitumba iliyomwagwa Birere, pale sokoni Goma: rangi tele, hakuna nguo inayomjua mwenzake. Tangu hapo naanza na kitu kimoja cha ardhi, nakifuata mpaka jikoni kwa watu.

Tuchukue ziwa letu hili Kivu. Zamani za kale maji ya huku yalielekea kaskazini, upande wa Ziwa Edward. Volkano za Virunga zikaziba njia. Maji yakapanda, yakatafuta mlango kusini, ndiyo hii Ruzizi inayoshuka hadi Tanganyika. Sasa ingizeni watu wa kubuni. Kaskazini pana mji wa wavuvi uliokaukiwa: mitumbwi imegeuzwa mapaa, wazee bado wanaapa kwa kasia, binti akiolewa anapewa nyavu ambazo hazitalowa kamwe. Kusini wapo wachungaji waliokutwa na mto malishoni. Wanaogopa maji, na wametajirika kwa ushuru wa kivuko. Mataifa mawili, kinyongo tayari, na sijabuni hata jini mmoja.

Halafu mazuku. Watu wa Goma hamhitaji kuelezwa: kaboni dayoksaidi inatoka ardhini, ni nzito kuliko hewa ya kawaida, inatuama mabondeni pasipo na upepo. Haionekani. Nilitamani kuigeuza zimwi lenye meno, nikajizuia. Niliweka kanuni moja tu: aliye chini ndiye anayetangulia kufa. Wasafiri wangu wakapiga kambi bondeni. Kuku ndani ya tenga wakanyamaza. Mbuzi akapiga magoti. Mlinzi aliyesimama hakuhisi kitu, akadhani mifugo imechoka, akainama kuitazama. Hapo nikamwambia arushe dadu.

Wenyeji wa bonde hilo wanalala juu ya vitanda vya kupandia ngazi. Watoto wanabebwa mabegani mpaka upepo wa asubuhi uvume. Na kumwambia mtu "inama" ni tusi la kuleta vita. Mchezaji mmoja alilisema kwa mzaha mbele ya chifu, na tulimaliza vipindi vitatu tukilipa faini yake.

Lava nitaigusa tu, kila mtu humu ana habari yake. Januari 2002 ilipita katikati ya mji hadi ziwani, na leo mawe ya lava ndiyo kuta na nyua zetu. Kwa hiyo mkichora volkano, niambieni pia nani anachonga mawe moto ukishapoa, na kiwanja kilichofunikwa ni cha nani. Huyo mchonga mawe nampenda kuliko joka lolote.

Haya, gaweni karatasi. Kila meza ichore mlima mmoja, maji yanayotoka humo, na njia ya chumvi. Dakika ishirini. Yule mchuuzi wangu yupo, ameketi pale mlangoni. Ndiye atakayepita mezani kuwauliza maswali.