RAM Mbili za Spidi Tofauti Ndani ya Laptopu Moja

Habari za asubuhi, mafundi wenzangu. Nyie wa nyuma sogeeni mbele, leo nashika vitu vidogo na sitaki baadaye niulizwe, "Fundi, ulituonyesha nini vile?"

Hapa mkononi nina vipande viwili vya RAM, kumbukumbu ya muda ambayo prosesa huitumia mashine ikiwa imewaka. Vyote ni DDR4, yaani RAM ya kizazi cha nne, vyote gigabaiti 8. Cha kulia kibandiko chake kimeandikwa PC4-2400T, cha kushoto PC4-3200AA; hizo 2400 na 3200 ndizo spidi zao. Na mezani ni ThinkPad T480, used kutoka Dubai, yenye prosesa ya i5-8250U. Mwenyewe aliinunua ikiwa na hicho cha 2400 tu, sloti ya pili iko wazi. Kaenda dukani, kakuta za 3200 peke yake. Fundi mmoja akamwambia usichanganye, itaua mazabodi, toa ya zamani ununue mbili zinazofanana. Mwacheni mtu na hela yake, jamani.

Tazameni hapa, katikati ya chipu kubwa. Mnakiona hiki kidude cheusi, kama punje ya mchele iliyokatika? Hiyo ndiyo SPD. Kiwandani wameandika humo spidi ambazo kipande kinaziweza, na kwa kila spidi kinahitaji kusubiri mipigo mingapi ya saa yake kabla ya kutoa data. Ukiwasha mashine, hata nembo haijatokea, BIOS, ile programu ya kuamshia mashine, inasoma SPD ya huyu na ya yule, inaangalia prosesa nayo inaruhusu nini, halafu inachagua spidi ambayo wote wanaimudu. Wa 3200 anashuka hadi 2400, basi. Haungui. Watu wawili wakibeba kabati, mwenye miguu mirefu hutembea mwendo wa mwenzake, na kabati linafika.

Na prosesa msiisahau. Hii i5-8250U mwisho wake kwa DDR4 ni 2400. Ile i5-7200U ya kabla yake mwisho ni 2133. Kwa hiyo huyu mteja angenunua 3200 mbili mpya, zinazofanana kama mapacha, angepata 2400 ile ile! Kabla hujamtajia mtu bei, soma kwanza jina la prosesa.

Sasa hesabu kidogo, msinikimbie. Hiyo 2400 wengi wanaiita megahezi, lakini saa yenyewe inapiga megahezi 1200, yaani mara milioni 1200 kwa sekunde. Data inapita mara mbili kwa kila mpigo, ndipo tunapata 2400. Kila safari inabeba baiti 8. Zidisha: gigabaiti 19.2 kwa sekunde. Ya 3200 inatoa 25.6. Mtu akiona hizo namba anasema ala, tofauti kubwa. Lakini angalieni kusubiri: ya 2400 ya kawaida inasubiri mipigo 17, ya 3200 inasubiri 22. Ukigeuza iwe muda, ya kwanza ni nanosekunde kama 14.2, ya pili 13.75. Karibu sawa kabisa.

Halafu njoo kwenye kitu ambacho mteja atakihisi kweli. Prosesa hii ina njia mbili za kwenda kwenye RAM. Ukiweka kipande kimoja, njia moja imelala. Ukiweka viwili, 19.2 inakuwa 38.4. Sasa linganisha: kipande kimoja cha 3200, hata kwenye mashine inayokiruhusu kukimbia chote, ni 25.6. Vile viwili vya "polepole" vimekiacha mbali. Na kwa kuwa laptopu kama hii haina kadi yake ya picha, picha nazo zinakula RAM hiyo hiyo, kwa hiyo kwenye michezo na kuhariri video ndiko utaona. Anayeandika barua tu hataona kitu zaidi ya kwamba mashine haikwami akifungua kurasa nyingi.

Kinachozuia ni mambo mengine. DDR3 haiingii kwenye sloti ya DDR4, mkato wa chini haukai, usilazimishe. Mtego uko kwa DDR3 yenyewe. Kuna ya volti 1.5 na kuna DDR3L ya volti 1.35. Pini 204 zote mbili, mkato pale pale, zinaingia laini kabisa. Mimi zilinipata nikiwa bado najifunza. Laptopu ya prosesa ya Intel Core kizazi cha 4, nachomeka, skrini nyeusi. Nikafungua mashine nzima, nikatoa mazabodi, mchana wote ukaisha. Jioni ndiyo nasoma kibandiko: PC3-12800S. Mashine ilitaka PC3L, yaani ile DDR3L. Herufi moja!

Haya, twende. Betri ya ndani ya T480 nimeshaizima kwenye BIOS. Unaingiza kipande kikiwa kimeinama, mpaka dhahabu karibu yote imezama, kisha unakilaza. Mmesikia tak? Washa. Skrini itakaa nyeusi kidogo, BIOS inapimana na RAM mpya. Hapa ndipo watu wanaogopa na kuchomoa. Subirini.

Ndiyo, kaka, uliza. Gigabaiti 4 na 8? Inafanya kazi. Kwenye Intel, nne za huyu na nne za yule zinatumia njia mbili, nne zilizobaki zinatumia njia moja. Na mashine ikianza kuganda baada ya kuchanganya, jaribu kila kipande peke yake, uache Memtest86+, programu ya kupima RAM, ikeshe usiku kucha. Mara nyingi utakuta kimoja ni kibovu, wala si ugomvi wa spidi.

Imewaka. Dada, bonyeza Ctrl, Shift na Esc, ifunguke Task Manager, nenda kwenye kumbukumbu, utusomee kwa sauti. Gigabaiti 16. Spidi? 2400. Ahsante. Nipeni bisibisi nifunge, mwenyewe anaisubiri.